Maria Montessori: daktari aliyefundisha kidole kabla ya kalamu

Jioni inafika, moto wa jikoni unawaka, mtoto wa darasa la kwanza anatoa kaye yake. Mama anamwambia aandike baba. Mtoto anainama, anatoa ulimi kidogo, anaandika kwa nguvu mpaka karatasi inataka kutoboka. Mama anatazama: kumbe ameandika dada. Anamwambia arudilie. Anaandika tena dada. Halafu 3 yake inatazama upande mwingine, 7 imegeuka, na S ni kama nyoka aliyebadilisha njia. Hapo ndipo maneno magumu yanaanza kutoka: huyu mtoto hana akili, huyu mtoto hatafika mbali.

Msomaji wetu wa Masisi, wa Walikale, na wewe uliye mbali na nyumbani juu ya vita, hii picha unaijua. Mimi mwenyewe ninaijua kwa mgongo wangu. Nilipokuwa mdogo, 9 yangu ilikuwa inatazama nyuma, na mwalimu wangu wa wakati ule alikuwa na fimbo kwa kila namba iliyogeuka. Namba zilinyooka kisha. Si fimbo iliyozinyoosha, ni umri. Lakini jirani yangu wa benchi, ambaye yake ilichelewa kidogo kuliko yangu, aliacha masomo mbele ya kumaliza mwaka. Yeye ndiye ninamkumbuka leo ninapowasimulia maisha ya mama mmoja wa Italia, aliyekufa zamani, na ambaye jina lake liko juu ya milango ya shule nyingi duniani: Maria Montessori.

Binti wa Chiaravalle

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali upande wa fedha. Mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa mwanamke aliyependa vitabu, na wakati ule wanawake wa namna ile hawakuwa wengi. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Alipokuwa na miaka mitano hivi, kazi ya baba iliwapeleka Roma, na huko ndiko alikulia.

Alipofika miaka 13 aliingia shule ya ufundi, shule ambayo karibu wote walikuwa wavulana, juu alitaka kuwa injinia. Baadaye akabadilisha: akasema atasomea udaktari. Baba hakupenda. Chuo nacho hakikumfungulia mlango haraka. Ilibidi kwanza asome sayansi ya viumbe, apate cheti, ndipo mwaka 1893 akaingia kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Roma. Kwa sababu ilionekana ni aibu mwanamke kuwa pamoja na wanaume mbele ya maiti uchi, alifanya mazoezi ya kupasua miili peke yake, saa ambazo wengine wamekwisha kwenda nyumbani. Fikiria binti wa miaka 20 na kitu, usiku, na taa, na maiti. Alivumilia. Mwaka 1896 alipata udaktari, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kufika pale. Mwaka uleule alisafiri hadi Berlin kwenye mkutano wa wanawake, akadai kazi sawa ilipwe mshahara sawa.

Watoto waliofungiwa

Kazi yake ya kwanza ilimpeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili za Roma. Mule alikuta watoto. Wengine walikuwa na ulemavu wa akili, wengine hawakusikia vizuri, wengine walikuwa na kifafa, wote wametiwa ndani ya chumba kimoja bila kitu cha kushika. Inasimuliwa kwamba wakiisha kula, walitambaa chini wakiokota vipande vya mkate. Walinzi waliona ulafi. Maria aliona kitu kingine: mikono iliyokuwa na njaa ya kazi. Ndani ya kile chumba, vipande vya mkate ndivyo vitu pekee ambavyo mtoto angeweza kushika na kugeuza.

Akaanza kutafuta vitabu. Akafika kwa madaktari wawili wa Ufaransa: Jean Itard, aliyejaribu kumfundisha kijana aliyepatikana akiishi porini, na mwanafunzi wake Édouard Séguin, aliyeonyesha kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili anaweza kujifunza akianzia kwenye mikono na macho. Maria hakuvisoma vile vitabu tu. Alivitafsiri kwa Kiitaliano na kuviandika vyote kwa mkono wake, ukurasa kwa ukurasa, ili kila neno lipite kwenye vidole vyake.

Mwaka 1900 alianza kuongoza, pamoja na daktari mwenzake Giuseppe Montesano, shule ya kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Watoto waliotolewa kwenye vile vyumba vya hospitali walijifunza kusoma na kuandika, na wengine walipita mtihani uleule wa watoto wa shule za kawaida. Watu wa Roma walishangilia. Maria alibaki na swali lililomsumbua: kama watoto hawa, pamoja na shida zao, wamefika kwenye kiwango cha wale wazima, basi shule inawafanyia nini wale wazima mpaka wabaki chini hivyo?

Mtoto ambaye hakuwa nyumbani

Hapa kuna sehemu ya maisha yake ambayo kwa miaka mingi haikusemwa wazi. Tarehe 31 Machi 1898 Maria alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba alikuwa yule Montesano. Hawakuoana. Kwa sheria na desturi za Italia ya wakati ule, daktari mwanamke aliyezaa nje ya ndoa angepoteza kazi na jina. Mtoto alipelekwa kwa familia moja ya mashambani alelewe huko. Mama yake alikuwa anakwenda kumtembelea bila kumwambia kwamba yeye ndiye mama. Mwaka 1901 Montesano alimwoa mwanamke mwingine, na Maria akaiacha ile shule waliyoongoza pamoja.

Mama huyu aliyewafundisha walimwengu kumtazama mtoto, wake mwenyewe alimtazama kwa mbali. Hatusemi hivi ili kumhukumu. Kwetu pia kuko mama wengi waliomwacha mtoto kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani, kwa sababu njia nyingine haikuwako. Ni baada ya Renilde kufariki, mwishoni mwa 1912, ndipo Mario, akiwa kijana wa karibu miaka 15, alirudi kuishi na mama yake. Toka hapo hawakuachana. Lakini mbele ya watu, kwa muda mrefu, alitambulishwa kama mtoto wa ndugu au mtoto wa kulea.

Nyumba ya San Lorenzo

San Lorenzo ilikuwa mtaa wa maskini wa Roma. Majengo yalikuwa yameanzwa na kuachwa, watu wakaingia humo wakijazana. Kampuni moja ya nyumba ilitengeneza baadhi ya yale majengo na kuweka humo familia za wafanyakazi. Asubuhi baba na mama walikwenda kazini. Watoto ambao hawajafika umri wa masomo walibaki wakikimbia kwenye ngazi, wakichora na kuchafua kuta mpya. Wenye majengo wakaona ni afadhali kutoa chumba kimoja na mtu wa kuwachunga kuliko kupaka rangi kila mwezi. Wakamwita Maria Montessori.

Tarehe 6 Januari 1907 alifungua ile nyumba ya watoto, kwenye barabara inayoitwa Via dei Marsi. Watoto walikuwa kama 50, wa miaka miwili au mitatu hadi sita. Hakukuwa na mwalimu mwenye diploma. Aliyewachunga alikuwa binti wa mlinzi wa jengo. Maria alileta vifaa vyake vya mbao, vya kupanga, vya kufunga na kufungua, akakaa akitazama. Wale watoto walioitwa waharibifu walianza kufanya kazi kwa utulivu, wengine wakirudilia kitu kimoja mara nyingi bila kuchoka.

Kuandika hakukuwa kwenye mpango wake. Yeye mwenyewe aliona ni mapema kufundisha herufi mbele ya miaka sita. Wazazi ndio walioomba. Mama ambao hawakujua kusoma hata jina lao walikuja kumsihi: kwa kuwa watoto wanajifunza vitu vingi hivi kwa urahisi, kwa nini wasijifunze kuandika pia? Akakubali.

Herufi za karatasi ya msasa

Kwa watoto wa hospitali alikuwa ametumia herufi nzuri za mbao. Sasa hakupata fundi wa kumtengenezea nyingine kwa bei aliyoweza. Basi yeye na wasaidizi wake wakachukua mkasi. Walikata herufi kwenye karatasi ya msasa, ile mafundi wa mbao wanayosugulia viti, wakazibandika juu ya katoni laini. Umaskini ulizaa kitu bora kuliko kile cha pesa, na baadaye yeye mwenyewe alikubali kwamba hizi zilikuwa nzuri kupita zile za mbao.

Tazama vile zilivyofanya kazi. Mtoto anapitisha kidole juu ya herufi. Akitoka nje ya mstari, kidole kinateleza kwenye katoni, na anajua mwenyewe kwamba amepotea, bila mtu kumpigia kelele. Anaanzia kila mara mahali pale pale, anakwenda upande ule ule, na wakati kidole kinatembea, anatamka sauti ya herufi. Macho yanaona, sikio linasikia, mkono unakumbuka. Kisha kuko herufi nyingine zilizokatwa bila kubandikwa, nyingi, ambazo mtoto anazipanga juu ya meza kutengeneza maneno, hata kama mkono wake haujaweza kushika kalamu.

Siku moja ya Desemba 1907, jua la baridi lilikuwa zuri na watoto walikuwa juu ya paa tambarare la nyumba. Maria alimpa mtoto mmoja wa miaka mitano kipande cha chaki, akamwomba achore bomba la moshi lililokuwa pale. Mtoto akachora kwenye vigae vya sakafu. Mama yule akamsifu. Mtoto akabaki akitazama chaki kama mtu aliyegundua kitu, kisha akapaza sauti kwamba anajua kuandika. Akapiga magoti, akaandika neno la Kiitaliano la mkono. Kisha la bomba la moshi. Kisha la paa. Wenzake wakakimbilia chaki. Kwa siku zilizofuata waliandika kila mahali, kwenye sakafu, kwenye milango, nyumbani hata juu ya ganda la mkate. Hakuna aliyekuwa amewakalisha chini kuandika ukurasa mzima wa a. Mikono ilikuwa imekwisha kujua. Ilingoja siku yake.

Kwa nini baba inakuwa dada

Tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wanadhani mtoto anayegeuza herufi anaona vibaya, ni mzembe, ama kuna mtu amemfanyia kitu.

Toka kuzaliwa, kichwa cha mtoto kinajifunza somo moja muhimu: kitu hakibadiliki jina kwa sababu kimegeuka. Mbuzi anayetazama Sake ni mbuzi yule yule akitazama Walikale. Bidoni ya maji ni bidoni, mpini uwe kushoto ama kuume. Panga ni panga. Bila somo hili mtoto hangemtambua mama yake anapogeuza uso. Sasa anaingia darasa la kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaambiwa kinyume: kijiti chenye tumbo upande wa kuume ni b, kijiti hicho hicho tumbo likiwa kushoto ni d, kikielekea chini ni p ama q. Kile ambacho ubongo ulikuwa unafanya vizuri, sasa ni kosa. Lazima ujifunze upya, kwa hizi alama peke yake. Inachukua muda.

Ndiyo maana karibu watoto wote wanageuza mwanzoni, wa Roma, wa Paris na wa Nyabiondo. Watafiti wa Ufaransa wameonyesha kwamba alama zinazogeuzwa sana ni zile zinazotazama kushoto, kama 3, 7, J na Z, kwa sababu mtoto anaelewa kwamba maandishi yanaelekea kuume na anafikiri kila alama nayo inapaswa kuelekea huko. Kwa hiyo mtoto anayegeuza 3 si mjinga. Amefuata kanuni aliyojitungia, na hiyo kanuni si sahihi kwa kila alama. Wengine wakianza upande wa kuume wa karatasi wanaandika jina lao lote kama linaonekana kwenye kioo. Kwa kawaida mambo haya yanapungua polepole, na kufika miaka saba ama minane yanakuwa machache.

Kuko jambo lingine linalotuhusu sisi zaidi. Watu wazima ambao hawakupata kujifunza kusoma, wao pia wanapata shida kutofautisha umbo na lile la kwenye kioo. Maana yake ni kwamba umri peke yake hautoshi. Ni kusoma na kuandika ndiko kunakofundisha macho. Mtoto wa miaka tisa aliyekimbia toka Kitshanga, akapoteza miaka miwili, na leo yuko darasa la kwanza, tusimhesabie miaka ya kuzaliwa. Tumhesabie miezi aliyoshika kalamu.

Wakati wa Montessori, kulitokea daktari wa Marekani, Samuel Orton, ambaye mwaka 1925 aliandika juu ya watoto wenye akili nzuri lakini wanaoshindwa kusoma na kugeuza herufi. Alidhani chanzo ni pande mbili za ubongo zinazogombana. Maelezo yake leo hayafuatwi tena. Leo shida hiyo, inayoitwa disleksia, inajulikana kwamba inatoka zaidi kwenye kutenganisha sauti ndani ya neno. Kugeuza herufi peke yake, kwa mtoto mdogo, si dalili ya ugonjwa. Lakini hata vile, wafuasi wa Orton walifika kwenye njia inayofanana na ya Maria: mtoto aguse, afuate kwa kidole, atamke. Na miaka karibu 100 baada ya San Lorenzo, watafiti wa Ufaransa walilinganisha watoto waliogusa herufi na wale waliozitazama tu. Waliogusa walizishika vizuri zaidi.

Watoto wa tetemeko

Turudi kwa Maria. Tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko kubwa la ardhi liliangusha mji wa Messina, kusini mwa Italia. Watoto kama 60 waliookotwa peke yao kwenye vifusi waliletwa Roma, kwenye nyumba ya watawa Wafransisko. Wengine hakuna aliyejua majina yao. Hawakusema, hawakula vizuri, usiku walilia. Njia ya Montessori ikaletwa pale: vifaa vya mikono, meza ndogo, maua, utaratibu, na upole. Hakuna aliyewasukuma. Polepole wale watoto walianza kula, kucheka, kukimbia bustanini.

Ukitembea leo kati ya watu waliokimbia vita kwetu, utakutana na watoto wanaofanana na wale wa Messina. Mtoto aliyelala msituni, aliyesikia risasi, akiletwa kwenye benchi la shule na kukaa kimya mbele ya ubao, huenda herufi si shida yake ya kwanza. Maria aliliona hili mapema. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, alipendekeza kuundwa kwa shirika la kuwasaidia watoto walioumizwa rohoni na vita, kama vile Msalaba Mwekundu unavyowasaidia waliojeruhiwa mwilini.

Sifa, siasa, na vita

Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya njia yake, kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Mwaka 1913 alipokelewa Marekani kama mtu mkubwa. Mwaka 1929 yeye na Mario walianzisha shirika la kimataifa la kulinda kazi yake.

Hatutaficha na upande mwingine. Toka 1924 alikubali msaada wa Mussolini, mtawala wa mabavu wa Italia, aliyetaka shule zake kwa ajili ya sifa ya nchi. Kwa miaka kadhaa serikali ile ilimpa pesa na nafasi. Lakini mtu anayemfundisha mtoto kuchagua mwenyewe hawezi kukaa muda mrefu na mtu anayetaka wote wapige mguu pamoja. Waligombana, na mwaka 1934 shule zake za Italia zilifungwa. Maria akaondoka. Aliishi Barcelona, mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vikamfukuza na huko. Akakimbilia Uholanzi. Mama wa miaka 66, na masanduku, akihama tena.

Mwaka 1939 alikwenda India na Mario kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza waliotawala India waliwahesabu kama raia wa adui. Mario alifungwa, mama akazuiwa kutembea. Tarehe 31 Agosti 1940, siku aliyotimiza miaka 70, Mario aliachiliwa ili arudi kwake. Walibaki India hadi 1946, na zaidi ya walimu 1,000 walipita mikononi mwao. Huku nyuma, Julai 1943, ndege za vita zilipiga mabomu mtaa wa San Lorenzo, mahali pale ambapo mtoto aliandika juu ya paa.

Miaka ya mwisho jina lake lilipendekezwa mara tatu kwa tuzo ya Nobel ya amani. Hakuipata. Tarehe 6 Mei 1952, akiwa na miaka 81, alikuwa Noordwijk aan Zee, kando ya bahari ya Uholanzi. Inasimuliwa kwamba siku ile alikuwa anaongea na Mario juu ya safari ya Afrika, kwenda kusaidia kufundisha walimu katika nchi ambayo leo ni Ghana. Mario aliona afya yake haitaweza. Muda mfupi baadaye Maria alikufa. Alizikwa pale pale alipofia. Afrika hakuifikia.

Kwetu Masisi na Walikale

Kuko watu watasema: hizi ni habari za wazungu na shule za pesa. Ni kweli kwamba shule nyingi zenye jina lake leo ni za watoto wa matajiri. Lakini ile ya kwanza ilikuwa ya watoto wa ngazi, na herufi zake zilikatwa kwa mkasi kwa sababu pesa hazikutosha.

Kwetu watoto wengi hawapiti shule ya matenele. Toka 2019 masomo ya msingi ya serikali ni bure, watoto wamejaa benchi, na mwalimu mmoja hawezi kushika kila mkono. Basi nyumba inaweza kusaidia. Chukua kipande cha katoni. Chora herufi kubwa kwa uji mzito wa unga wa mihogo, mwaga mchanga safi juu yake, acha ikauke. Hiyo ni herufi ya msasa ya Nyabiondo, ya Kibua ama ya Mubi. Hata mchanga ama majivu kwenye sahani yanatosha kwa kidole.

Fundisha herufi moja, iingie, ndipo ulete nyingine. b na d zisifike siku moja. Acha wiki zipite kati yao. Onyesha mahali pa kuanzia, na iwe pale pale kila siku. Kwa d, kidole kinaanza na tumbo. Kwa b, kinaanza na kijiti. Mtoto asipokumbuka, usifute kaye kwa hasira. Mrudishe kwenye katoni, kidole kipite mara tatu akitamka. Na kama anatumia mkono wa kushoto, muache nao. Mkono ule si laana.

Kama mtoto amesoma vizuri miaka miwili ama mitatu, amepita miaka minane, na bado anageuza sana, tena kusoma kunamtesa, hasikii tofauti ya sauti za maneno, ongea na mwalimu wake na umpime macho na masikio. Hapo pia fimbo haina kazi.

Yule jirani yangu wa benchi sijui leo angeandika nini. Nilimwona mwaka jana sokoni, anauza maharagwe, na hesabu zake anazifanya kichwani haraka kuliko mimi na simu yangu. Aliniomba nimwandikie jina la mtoto wake kwenye karatasi, alikuwa anampeleka darasa la kwanza. Niliandika. Halafu nikamwambia asishangae jina lile likirudi nyumbani limegeuka.